Mafiga Matatu ya Mafunzo ya Bure

Msomaji, kila mara matokeo ya mtihani yatolewapo, hutokea katika nyumba nyingi za nchi yetu jambo ambalo magazeti hayaliandiki. Picha za waliofuzu huchapishwa, na wazazi wao huonekana wakiwabeba mabegani kwa nyimbo na vigelegele. Lakini katika nyumba ya pili yupo kijana mwingine, wa umri ule ule na wa darasa lile lile, aliyeketi mlangoni akiitazama njia bila kujua aelekee wapi. Hana karo ya kwenda chuoni, hana kazi, na mikono yake, ingawa ina nguvu, haijafundishwa kazi yoyote. Pengine kijana huyo ni ndugu yako. Pengine mwakani atakuwa ni wewe mwenyewe.

Afanyiwe nini kijana huyo? Swali hili lilipata kuulizwa zamani na watu wenye akili na huruma, na jibu moja walilolitoa ni hili: achukuliwe, alishwe, avikwe, afundishwe kazi, wala asitozwe hata senti moja. Insha hii ni historia ya jibu hilo katika nchi mbili, Marekani na Kenya. Nchi hizi sikuzichagua ovyo. Katika mwaka mmoja, 1964, kila moja ilitunga sheria ya kuwakusanya vijana wasio na kazi na kuwafundisha kwa gharama ya umma. Moja ilikuwa taifa tajiri kuliko yote duniani. Ya pili ilikuwa haijatimiza hata mwaka mmoja ya uhuru wake. Tukiziweka pamoja tutajifunza jambo ambalo nchi moja peke yake haiwezi kutufundisha.

Mama zetu hupika juu ya mafiga matatu. Liondoe figa moja, na chungu humwagika, hata kama mawili yaliyosalia ni imara kama mwamba. Mafunzo ya bure nayo, kwa maoni yangu, hukaa juu ya mafiga matatu. La kwanza ni heshima: kijana asitendewe kama mwombaji wala kama mhalifu. La pili ni ujuzi wa kweli: atoke akiweza kufanya kitu ambacho hakukiweza alipoingia. La tatu ni kazi inayomngoja mlangoni siku ya kutoka. Shika mafiga haya moyoni, kisha tufuatane tukayatazame.

Na tuanze Marekani. Mwezi wa Oktoba 1929 bei za hisa katika soko la New York zilianguka ghafula, na baada yake zikaanguka benki, viwanda na mashamba. Kufikia mwaka 1933 karibu mfanyakazi mmoja katika kila wanne hakuwa na kazi. Vijana waliumia sana, maana mwenye kiwanda apunguzapo watu hamchukui tena yule asiyejua kazi. Wengi wao waliyaacha makwao wakadandia magari ya moshi ya mizigo, wakienda kutoka mji hadi mji kutafuta kibarua na chakula.

Franklin Roosevelt alishika urais mwezi wa Machi 1933, na kabla ya mwezi huo kwisha alikuwa amekwisha kutia sahihi sheria iliyozaa kikosi kilichoitwa Civilian Conservation Corps, yaani kikosi cha raia cha kuhifadhi misitu na udongo. Kambi ya kwanza ilifunguliwa tarehe 17 Aprili katika msitu wa jimbo la Virginia. Kufikia mwezi wa Julai vijana zaidi ya 250,000 walikuwa wamekwisha kuingia kambini. Jeshi liliwalaza na kuwalisha, na wataalamu wa misitu na wa kilimo waliwaongoza kazini. Walipanda miti, walikata njia za kuzuia moto, walijenga madaraja na vibanda katika mbuga za taifa, na waliziba makorongo yaliyokuwa yakiula udongo wa mashamba.

Sasa tazama jinsi walivyolipwa. Kijana alipata dola 30 kwa mwezi, lakini katika hizo, dola 25 zilipelekwa moja kwa moja kwa wazazi wake. Mtu aweza kusema kwamba huo ulikuwa ni ubahili. Mimi naona kwamba ndani yake ilikuwamo hekima kubwa. Yule kijana aliyekuwa jana mzigo wa nyumba, mdomo mmoja zaidi wa kulishwa, leo alikuwa ndiye anayeilisha nyumba. Mama yake alipopokea fedha zile mwisho wa mwezi, hakupokea sadaka. Alipokea jasho la mwanawe. Figa la heshima liliwekwa hapo, tena liliwekwa barabara.

Figa la pili halikukaa vizuri hivyo. Kazi nyingi za kikosi zilikuwa za koleo, shoka na sururu, na kwa kazi hizo mtu hupata mwili wenye nguvu kuliko ufundi wa kuuza. Masomo ya jioni yaliongezwa baadaye, na makumi ya maelfu ya vijana walijifunza kusoma na kuandika kambini. Wengine walijifunza kuendesha malori na mitambo. Lakini wasichana hawakuandikishwa kabisa, na vijana Weusi, wapatao 200,000 kwa miaka yote, aghalabu waliwekwa katika kambi zao peke yao, kana kwamba ukosefu wa kazi ulikuwa na rangi. Heshima iliyotolewa kwa mkono mmoja ilipunguzwa kwa mkono wa pili.

Na figa la tatu? Mwaka 1942 Bunge la Marekani lilikataa kutoa fedha zaidi, na kikosi kikavunjwa. Katika miaka tisa kilikuwa kimepitiwa na vijana karibu milioni 3, na kilikuwa kimepanda miti ipatayo bilioni 3. Kilivunjwa kwa kuwa Vita Kuu ya Pili ilikuwa imewaita vijana wote, wengine viwandani na wengine vitani. Mlango wa kazi ulifunguka, lakini mfunguzi wake alikuwa ni vita. Lipime sana jambo hili, msomaji. Hapana mzazi atakayeomba mwanawe apate kazi kwa njia hiyo.

Miaka ishirini na miwili ikapita. Rais wa Marekani mwaka 1964 alikuwa Lyndon Johnson, mtu ambaye katika ujana wake aliwahi kufundisha watoto maskini huko Texas, na mwaka 1935, katika siku zile zile za dhiki, alikuwa amesimamia katika jimbo hilo idara ya kuwasaidia vijana kupata masomo na kazi. Kwa hiyo umaskini wa kijana hakuujua kwa kuusoma tu. Mwezi wa Januari 1964 alitangaza vita dhidi ya umaskini, na tarehe 20 Agosti alitia sahihi sheria iliyoanzisha, pamoja na mambo mengine, Job Corps, ambayo kwa lugha yetu tungeiita kikosi cha kazi. Kituo cha kwanza kilifunguliwa mwezi wa Januari 1965 katika jimbo la Maryland, mahali palipokuwa pamepigwa kambi za vijana wa Roosevelt miaka ya thelathini. Mti ulikuwa umekatwa, lakini shina lilikuwa limechipua.

Johnson na wenzake walikuwa wamelitazama kosa la zamani. Safari hii ujuzi ndio uliokuwa shabaha. Kijana wa miaka 16 hadi 21 aliondolewa katika mtaa wake, akapelekwa kuishi katika kituo, akapewa chakula, nguo, matibabu na posho ndogo, akafundishwa kusoma na hesabu asubuhi na ufundi mchana, au kinyume chake. Wasichana nao walikubaliwa, na kambi za kutenga rangi hazikuruhusiwa. Walifundishwa uashi, useremala, ufundi wa magari, upishi, kazi za ofisi na uuguzi.

Lakini sasa likalegea figa la kwanza. Watu wa miji iliyo karibu na vituo waliwaogopa vijana hawa. Ugomvi ulipotokea kituoni, magazeti yaliuandika kwa herufi kubwa. Kijana alipohitimu na kwenda zake kazini kimya kimya, hakuna aliyemwandika. Wengi waliacha masomo kabla ya kuyamaliza, kwa upweke wa kuwa mbali na kwao na kwa kuona kwamba wanatazamwa kama watoto walioshindikana. Wabunge walilalamika juu ya gharama. Mwaka 1969 serikali mpya ya Rais Nixon ilifunga vituo 59. Hata hivyo mpango wenyewe haukufa, na baadaye umri wa kuingia uliongezwa hadi miaka 24.

Nitakupa mfano wa kijana mmoja, kwa kuwa jina lake lilipata kufika Afrika. George Foreman alikulia katika mtaa wa maskini wa Houston, katika jimbo la Texas. Aliacha shule mapema, na kwa maelezo yake mwenyewe alikuwa amekwisha kuanza kupora watu barabarani. Mwaka 1965, akiwa na umri wa miaka 16, aliingia Job Corps, kwanza Oregon, kisha California. Huko alimkuta mwalimu wa michezo aliyezigeuza ngumi zake za ugomvi zikawa ngumi za ulingoni. Mwaka 1968 alitwaa nishani ya dhahabu katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico, na mwaka 1973 akawa bingwa wa dunia wa uzani wa juu. Taji hilo alikuja kulipoteza katika bara letu, mjini Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974, mbele ya Muhammad Ali. Foreman hakusahau alikotoka. Kwa miaka mingi alieleza hadharani kwamba Job Corps iliyaokoa maisha yake.

Hata hivyo hekima inatuonya tusijenge nyumba juu ya mfano mmoja. Bingwa ni mmoja katika maelfu. Je, waliobaki walipata nini? Katika miaka ya tisini watafiti wa Marekani walitafuta jibu kwa njia ya haki. Kati ya vijana waliotimiza masharti ya kuingia, walichagua kwa kura kundi dogo lililotakiwa kungoja nje kwa muda, kisha wakalilinganisha na kundi la walioruhusiwa kuingia, wakiyafuatilia maisha ya makundi yote mawili kwa miaka minne. Walioingia walipata vyeti vingi zaidi, walikamatwa na polisi mara chache zaidi, na kufikia mwaka wa tatu na wa nne mapato yao yalikuwa yamepita ya wale waliobaki nje. Lakini miaka ilipozidi kupita, faida ya mapato ilififia kwa wengi, ikadumu hasa kwa wale walioingia wakiwa na miaka 20 hadi 24. Basi mafunzo yalisaidia, lakini hayakuwa dawa ya kila ugonjwa. Na aliyefaidika kwa muda mrefu ni yule aliyekuwa amepevuka kiasi cha kujua alichokifuata. Waswahili walisema zamani, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Sasa na turudi nyumbani, katika mwaka ule ule wa 1964. Kenya ilikuwa imepata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Watoto karibu 890,000 walikuwa katika shule za msingi mwaka huo, lakini wanafunzi wa shule za sekondari nchini kote walikuwa kama 30,000 tu. Piga hesabu mwenyewe uone ni wangapi waliofika mwisho wa shule ya msingi wakaukuta mlango umefungwa. Tena kulikuwa na vijana wengine ambao Vita vya Uhuru na hali ya hatari viliwanyima shule kabisa. Hao wote walikuwa wameambiwa kwamba uhuru utakuja na neema. Uhuru ulikuwa umekuja. Neema walikuwa bado wakiingoja.

Mwezi wa Februari 1964 serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walifanya mapatano ya kuongeza nafasi za kazi, na wafanyakazi kwa upande wao wakakubali kutodai nyongeza ya mshahara kwa muda. Watu wasio na kazi walitakiwa kujiandikisha. Walikuja zaidi ya 200,000. Nafasi zilizopatikana hazikutosha hata robo yao. Serikali ikajua, na mtu yeyote aliyeiona mistari ile ya watu akajua, kwamba kugawa kazi zilizopo hakutoshi. Ilibidi kuandaa watu na kuandaa kazi mpya kwa pamoja.

Hapo ndipo ilipozaliwa Huduma ya Vijana kwa Taifa, kwa sheria ya mwaka huo wa 1964. Mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa Geoffrey Griffin, mzaliwa wa Eldoret, mtu mwenye umri wa miaka 31 tu wakati huo. Katika miaka ya hali ya hatari alikuwa amefanya kazi Wamumu, kambi ya wavulana waliokuwa wametiwa kizuizini, ambako walifundishwa ufundi. Mwaka 1959 yeye, pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, walifungua Starehe mjini Nairobi, kituo kilichoanza kwa vibanda viwili vya mabati ili kuwapokea wavulana wasio na makao. Aliiongoza Huduma ya Vijana hadi mwaka 1988, huku akiendelea kuiongoza Starehe hadi alipofariki mwaka 2005.

Kazi yake haikuwa rahisi, na sababu moja sharti uielewe vizuri. Kule Marekani kijana aliyezuia mmomonyoko wa udongo alijiandikisha kwa hiari na akalipwa. Katika Kenya ya mkoloni kazi hiyo hiyo ya kuchimba matuta ilikuwa mara nyingi kazi ya kulazimishwa, isiyo na malipo, chini ya jicho la chifu na askari wake. Na mwaka 1947 watu wa Murang'a waliikataa hadharani. Kwa hiyo katika macho ya kijana wa 1964, jembe na sururu vilikuwa na harufu ya utumwa. Shule nayo ilikuwa imemfundisha, bila kusema, kwamba mwisho wa elimu ni kuvaa tai na kuketi ofisini. Ungewezaje kumwita kijana huyo, siku chache baada ya uhuru, arudi tena kushika sururu?

Jibu lilikuwa ni kuibadili maana ya sururu. Vijana waliandikishwa kutoka kila wilaya, wakalala katika mahema mamoja na kula katika meza moja, Mluo kando ya Mkamba, Msomali kando ya Mtaita. Walivaa sare, wakapiga gwaride, na bendera waliyoipigia saluti ilikuwa yao wenyewe. Kisha wakapelekwa kufyeka misitu, kufungua mashamba na kujenga barabara, hata katika sehemu kavu za kaskazini ambako serikali ya mkoloni haikujali kupeleka barabara. Marekani ilitoa msaada wa magari na mitambo. Jioni waliokosa shule walifundishwa kusoma, na baada ya utumishi wa kazi za mikono walipelekwa kujifunza ufundi wa magari, useremala, uashi, umeme na kazi nyingine. Wasichana nao wakaingia. Kijana aliyetengeneza barabara aliweza kusema, "Hii niliichonga mimi," wala hapakuwa na msimamizi wa kigeni wa kumwambia amwachie njia. Figa la heshima likarudishwa mahali pake.

Ujuzi pia ulipatikana; mafundi wengi wa magari na waendesha mitambo wa nchi hii walianzia katika kambi hizo. Lakini figa la tatu lilikuwa gumu. Vijana waliotoka kila mwaka waliukuta uchumi ambao haukukua kwa kasi ya hodi zao. Wengine waliajiriwa na idara za serikali na makampuni. Wengine walirudi vijijini na vyeti vyao wakavitundika ukutani. Tena, palipo na fedha nyingi za umma, panya nao huja. Miaka ya 2015 na 2018 habari za fedha zilizotoweka katika Huduma ya Vijana zilijaa magazetini, na mashtaka yakafikishwa mahakamani. Aibu hiyo haikuwa ya vijana. Wao walikuwa kambini wakichimba mitaro. Lakini kila shilingi inayoibwa katika mafunzo ya bure huibwa mkononi mwa yule kijana niliyekuonyesha mwanzoni, aliyeketi mlangoni.

Wako waliofikiri kwamba njia nyingine yafaa zaidi. Mwaka 1966 Baraza la Kikristo la Kenya lilitoa taarifa ambayo jina lake lilikuwa ni swali: baada ya shule, nini? Waandishi wake walisema kwamba kijana asiitwe kwenda kambi ya mbali, bali chuo kimfuate kijijini. Kiwe kidogo, kiwe rahisi, kiwe na fundi wa hapo hapo kama mwalimu, na kifundishe kazi ambazo kijiji chenyewe kinazihitaji: kushona nguo, kujenga nyumba, kutengeneza milango na vitanda, kufua mabati, kufuga nyuki. Hivyo ndivyo vilivyoanza vyuo vya ufundi vya vijijini, na kufikia mwanzo wa miaka ya sabini serikali ilikuwa imeanza kuvisaidia. Havikuwa vya bure kabisa. Palikuwa na ada ndogo, na kijiji kilitoa kiwanja, mawe na mikono kwa harambee. Lakini mlango wao ulikuwa chini kiasi cha kuingilika na mtoto wa maskini.

Hawa walilianza jambo kwa figa la tatu. Waliuliza kwanza kazi iko wapi, ndipo wakauliza kifundishwe nini. Hata hivyo wazazi na wanafunzi hawakuridhika upesi. Walitaka vyeti. Walitaka mtihani wa serikali wa mafundi, ili kijana aweze kwenda mjini na karatasi mkononi. Wenye vyuo walihuzunika, wakaona kwamba lengo lao linapotoshwa. Lakini mimi siwezi kuwalaumu wazazi wale. Katika nchi ambayo mwenye cheti husikilizwa na asiye nacho hufukuzwa langoni, kumwambia mtoto wa maskini kwamba cheti si kitu, ilhali mtoto wa tajiri anakitafuta usiku na mchana, ni kumwekea heshima ya daraja la pili. Tazama jinsi figa moja linavyolitegemea jingine.

Mwaka 1972 wajumbe wa Shirika la Kazi Duniani waliokuja Kenya waliona jambo ambalo wengi walikuwa wakilipita bila kulitazama: kwamba mafundi wadogo wa kando ya barabara, wasio na leseni wala jengo, ndio waliokuwa wakiwapa watu wengi riziki, tena wakifundisha vijana kazi humo humo. Leo tunawaita mafundi wa jua kali. Ukienda Kamukunji mjini Nairobi utawakuta wakigonga chuma mapema asubuhi, wakifanya majiko, masanduku na karai. Na kando ya kila fundi yupo kijana anayeshika kipande cha bati na kutazama. Hilo nalo ni darasa. Halina mlango, lakini wapo waliolitoka wakiwa na mikono inayojua kazi.

Sasa, msomaji, umeyaona mafiga yote. Vijana wa Roosevelt walipewa heshima na riziki, lakini ujuzi ulikuwa haba na mlango ulifunguliwa na vita. Vijana wa Johnson walipewa ujuzi, lakini wengi walivunjwa moyo na jicho la watu. Vijana wa Kenya walirudishiwa heshima na wakapata ujuzi, lakini wengi walitoka wakaukuta mlango mwembamba. Hapana hata mpango mmoja kati ya hii niliyoitaja uliokuwa upuuzi. Kila mmoja ulimwokoa mtu. Lakini ule msemo wa kwamba mafunzo haya ni ya bure haukuwa kweli mahali popote. Kila mara palikuwa na mlipaji: mkulima aliyetoa kodi, mwanakijiji aliyebeba mawe, kijana aliyetoa miaka ya ujana wake. Kwa kuwa yamelipiwa kwa thamani kubwa hivyo, hayafai kutolewa ovyo wala kupokewa ovyo.

Siku moja utaona tangazo la mafunzo ya bure, au utaletewa habari yake na rafiki. Usilidharau kwa kuwa ni la bure, wala usilikimbilie kwa sababu hiyo hiyo. Uliza maswali matatu. Je, hapo nitatendewa kama mtu mzima mwenye haki zake? Je, nitatoka nikijua kufanya nini, na ni nani atakayeutambua ujuzi wangu? Je, waliotoka mwaka jana wako wapi leo? Swali la tatu ndilo zito kuliko yote, na mwenye mafunzo ya kweli halikimbii. Majibu yakiwa mema, ingia, ushike chombo utakachopewa, hata kama ni sururu. Kazi mbi si mchezo mwema, na ujuzi hauzeeki.

Na siku nyingine, yamkini, utakuwa wewe ndiye mwenye kutoa: diwani, mbunge, mwenye karakana, au fundi mwenye banda lake Kamukunji. Atakuja kijana asiye na karo, asimame mlangoni pako asijue aanzeje kusema. Ukumbuke basi kwamba kumpa kiti na somo ni kumpa mafiga mawili tu. Fikiri pia juu ya siku atakayotoka.